Gunvor na Sakafu ya Kipima Taa

Kila fundi ana mahali anapoanzia kazi. Gunvor Näslund huanzia sakafuni. Mama huyu wa makamo huzunguka vituo vya ukaguzi wa magari vya huku kaskazini mwa Uswidi, akihakikisha kwamba mashine hazisemi uongo. Ya kupimia breki huibebesha vyuma ambavyo uzito wake unajulikana. Ya kupimia moshi huivutisha gesi ya chupa. Na kabla hajaigusa ile ya kupimia taa, hupiga magoti na kulaza sakafuni pimamaji, kile kifaa chenye povu cha kuonyesha usawa. Wakaguzi humtania kwamba anasali. Naye huwajibu kwamba mwenye mtoto barabarani hana budi kusali.

Mtoto huyo ni Tova, muuguzi anayewazungukia wazee majumbani. Barabara zake karibu zote hupita msituni, na kulungu wakubwa wa msitu ule hawapigi hodi. Wiki ile Tova alikuwa amelalamika kwenye simu kwamba siku hizi barabara imekuwa fupi, gizani haoni mbali. Gunvor hakulala vizuri. Akamwandama aende kwa daktari wa macho, akamkumbusha hata bibi yake aliyekufa kipofu.

“Bibi alikuwa na miaka tisini, mama,” Tova alimjibu.

Siku ya sikukuu ya Lusia, katikati ya Desemba ambapo huku jua huzama mapema, Gunvor alifika kituo cha mjini kwao mchana, mbingu ikiwa imeshaanza kufifia. Mkuu wa kituo, Östen, rafiki yake wa siku nyingi, hakumruhusu hata afungue sanduku la vifaa. Pale mtu hagusi mashine kabla ya kahawa. Akamketisha kwenye meza ndefu iliyotandikwa kitambaa chekundu, mishumaa ikiwaka, mikate ya zafarani imejaa sahani. Gunvor akanywa, akala, akasikia joto likimshuka hadi miguuni. Alikuwa anachukua mkate wa pili alipogundua kwamba amekaa mahali ambapo siku zote hupiga magoti.

Akauliza kipima taa kiko wapi.

Östen akaonyesha kwa mkate, kule karibu na mlango mkubwa. Alieleza kwamba walihitaji nafasi ya meza tangu mishumaa ya kwanza ya Krismasi ilipowashwa. “Mashine ni ileile, Gunvor. Tumeisogeza tu. Wala haikuanguka.”

Gunvor akaweka chini kikombe kikiwa nusu, jambo ambalo Östen hakuwahi kumwona akilifanya. Akaenda mlangoni na pimamaji yake, akapiga magoti. Povu lilikimbilia upande mmoja na kung'ang'ania huko. Bila shaka. Sakafu ya pale ilijengwa kwa mteremko, ili theluji inayoyeyuka kwenye magari ikimbilie mferejini. Magari yalisimama pa tambarare, kipima taa kikainamia mlango. Kwa hiyo taa zilizonyooka zilionekana kama zinatazama mawingu, na wakaguzi, kwa moyo safi kabisa, walikuwa wakiziinamisha.

“Tova alileta gari wapi?” aliuliza.

“Hapa hapa, wiki iliyopita. Taa zake zilikuwa juu. Nilizishusha mwenyewe, kwa heshima yako.”

Gunvor alipiga simu. Haikupokelewa. Tova akiwa anamwogesha mzee huiacha simu kwenye koti. Nje, miti ya upande wa pili wa barabara ilikuwa imeshaanza kushikana na giza. Akapiga tena. Ili asisimame bure, akashika ncha moja ya meza, Östen akashika nyingine, wakaihamisha na mishumaa yake ikiwaka, kisha wakakirudisha kipima taa mahali pake. Ndipo simu ikalia.

“Mama, kama ni habari ya macho…”

“Si macho. Uko wapi?”

“Natoka kwa mzee Halvar. Naingia msituni sasa hivi.”

“Usiingie. Njoo kituoni kwa barabara ya mjini, ile yenye taa. Magari yaliinamishwa taa kwa makosa, na lako limo.”

“Nani kaziinamisha?”

Gunvor akamtazama Östen, aliyekuwa ameduwaa na kikombe mkononi. “Meza ya kahawa,” alisema.

Tova alifika akicheka, na koti lake la kazi. Östen akazinyanyua taa taratibu, Gunvor akiwa amesimama nyuma yake kama mama mkwe mkali jikoni. Gari lilipotolewa nje, mwanga ulivuka uzio, ukavuka shamba lenye theluji, ukagusa miti ya mibetula ya mbali. Tova alishika usukani, akaondoka kwa njia ya msituni.

Östen alishinda kwenye simu jioni nzima, akiwarudisha wenye magari mmoja mmoja na kuwaahidi kahawa. Meza sasa ilikuwa mlangoni, kwenye mteremko, na kahawa ililala upande ndani ya vikombe. Hakuna aliyelalamika.

Gunvor alikuwa anavua viatu nyumbani Tova alipopiga. Amefika salama, na njiani alimwona kulungu kutoka mbali, akasimama, akamngoja avuke.

“Barabara imerefuka, mama.”

“Vizuri, mwanangu,” alisema Gunvor, moyo umemtulia. “Lakini kwa daktari wa macho uende vilevile.”