Ciakuthii wa Boila na Daftari la Wiki Nane

"Mama Mutugi, wewe uliyeishia darasa la saba, utamfundisha nini injinia?"

Eunice, jirani yake, aliuliza hivyo wakichambua maharagwe uani, akacheka mpaka nusura ungo umwagike. Ciakuthii, ambaye ndiye Mama Mutugi, aliendelea kuchambua. Kesho yake aliamka, akaomba, akavaa gambuti na kupanda kiwandani kuwasha boila, lile tangi kubwa la kuchemshia maji kwa kuni, kama alivyofanya miaka ishirini na sita. Joto la boila ile ndilo linalokausha majani chai ya wakulima wa mlima wote ule. Ikizimika, majani yanaoza.

Kiwanda na chuo kikuu walikuwa wameandikiana mkataba: wanafunzi wa uinjinia waje wiki kumi na mbili, wajifunze kwa mikono. Picha ya siku ya kuutia sahihi imetundikwa ofisini, wakubwa wamevaa helmeti mpya. Wale wanafunzi wa kwanza, Ciakuthii aliwafundisha kugonganisha vipande viwili vya kuni. Mlio ukiwa mkavu, choma. Ukiwa mzito, rudisha juani, kwa sababu kuni mbichi hula moto badala ya kuutoa. Kila siku waliandika walichofanya katika daftari la kazi, na kila Ijumaa yeye alitia sahihi, pole pole, herufi moja moja.

Mwaka huu akaja Kiende, binti kutoka Gachoka, mpole lakini mwingi wa maswali. Siku ya tatu meneja Nyamu akamwita ofisini. Mpishi wa chai ya wageni alikuwa ameacha kazi, basi Kiende akapewa birika.

"Ni siku mbili tu," Nyamu alisema.

Siku mbili zikawa wiki nane.

Halafu asubuhi moja Nyamu akateremka kwenye boila na daftari la Kiende mkononi. Mwalimu wa chuo angekuja kesho yake kukagua. Kurasa nane, moja kwa kila wiki, zilikuwa zimejazwa vizuri: kusafisha mirija, kupima maji, kukagua valvu.

"Weka sahihi hapa, Mama. Zote nane."

"Ni nani alisafisha mirija?"

"Hiyo ni karatasi tu. Unataka mtoto wa watu aanguke?"

Ciakuthii alijifuta mikono kwa leso. "Jumapili naenda Meza ya Bwana. Mkono huu ndio nitapokea nao mkate. Siuandikishi uongo."

"Huko Mikinduri kuna watu wengi wanatafuta kazi kama hii yako."

"Waje basi. Nitawaonyesha kuni."

Kesho yake Munene, mwalimu wa chuo, alipofika ofisini, aliliona daftari halina sahihi hata moja, akauliza sababu. Nyamu akasema mama wa boila ni mzee, kalamu inamshinda. Mwalimu akaweka kikombe chake cha chai chini na kuteremka mwenyewe kwenye boila, Kiende na Nyamu nyuma yake.

"Kiende, hiki kioo kinaonyesha maji ya boila," mwalimu alisema. "Utajuaje hakidanganyi?"

Kiende aliangalia viatu vyake. "Sijui, mwalimu. Mimi nimekuwa nikipika chai."



"Mkataba unasema wanafunzi tunaowapokea wapite," Nyamu akasema.

"Na mimi nikilikataa daftari hili," mwalimu akasema kwa huzuni, "binti huyu atarudia mwaka."

Ciakuthii alimtazama Kiende, ambaye machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akafikiria siku huyo mtoto atakapopewa boila yake mwenyewe, maji yaishe ndani asijue, ipasuke, na watu wamesimama karibu nayo. Alijua pia Nyamu hatasahau. Akasogea mbele hata hivyo, akasimama kati ya daftari na meneja.

"Mwalimu, usimwangushe, na usimpitishe. Zimebaki wiki nne. Niachie hizo, uniongeze nne zingine, akae hapa kwangu. Siku atakayofungua valvu ya kioo hiki, aone maji yakishuka na kurudi, ajue hakidanganyi bila mimi, nitatia sahihi. Na chai ya ofisini, naomba meneja ajipikie."