Moshi Mweusi Kwenye Njia ya Igowole

Shemeji yangu Seni Budeba alipata habari ya kifo cha mke wake baada ya nchi nzima kuisikia. Redio ilitangaza jioni, kati ya matangazo mengine ya vifo: Kalista wa Igowole hatunaye tena, habari ziwafikie ndugu walioko Mbeya, Iringa na Kilolo, na mume wa marehemu, Seni Budeba, popote alipo. Mimi nilisikia nikiwa nyumbani kwangu Mbeya, nikisahihisha madaftari. Yeye alikuwa njia ya Sumbawanga, amekwama kwenye matope ya mwisho wa masika, na gari lake halikuwa na redio. Aliporudi nyumbani kwake, mbugani Usangu, majirani walimsalimia huku wakitazama chini. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwambia.

Kalista alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amekwenda Igowole miezi kadhaa kabla, kumuuguza mama, homa ikamchukua yeye na mama akapona. Kwetu mume ndiye anayetangulia kutupa udongo kaburini. Mahali pa Seni alisimama kaka yetu Liberatus. Mama akasema mkeka wa matanga hautakunjwa mpaka mkwe wake afike, na yeye mwenyewe akaendelea kulala chini.

Seni alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kawaida ya kuinamisha kichwa anapoongea na wakubwa. Aliingia Usangu akiwa kijana mdogo, akiswaga ng'ombe wa baba yake kutoka Usukuma. Ndugu zake walibaki na ng'ombe. Yeye alitoa fungu lake la urithi likawa pikapu ya dizeli, na kwa miaka mingi alibeba chumvi, samli, mchele na watu kati ya mbuga na mji. Vumbi la Usangu wakati wa kiangazi huingia mpaka ndani ya mayai, Kalista alizoea kusema. Hawakujaliwa mtoto. Gari lilikuwa kama mtu wa tatu katika nyumba ile.

Safari ya kwanza ya kwenda msibani alikwenda na mdogo wake, Nyanda. Huko Usangu jua lilikuwa kali. Walipoiacha barabara kuu na kuanza kupanda kuelekea Igowole, wakakutana na ukungu na manyunyu ya Mufindi, yale yanayokaa siku nzima bila kuwa mvua. Gari lilipanda vizuri mpaka kwenye kilima cha mwisho, kile chenye miti ya mbao pande zote mbili. Hapo nguvu zikaisha ghafla. Seni alipunguza gia, akapunguza tena, gari likawa linatetemeka bila kusogea. Nyuma ukatoka moshi mweusi. Haukupanda juu, ukungu uliukandamiza, ukabaki umelala barabarani. Seni alizima injini. Baadaye akaiwasha, wakageuza. Kuteremka hakukuhitaji nguvu, na walipofika tambarare kwenye jua, gari likawa zima kabisa.

Alijaribu tena Juni, na mbuzi wa matanga nyuma. Kilima kilekile, moshi uleule. Nyanda akasema kwa sauti kile ambacho kaka yake alikuwa akikiwaza, kwamba Kalista hamtaki. Amezikwa bila mume wake, sasa anamkatalia kaburi. Walimshusha mbuzi, wakampa mtu aliyekuwa akipanda kwa miguu amfikishe kwa mama, wao wakarudi.

Aliponieleza hayo nilimwuliza kwa nini asipande basi, au asimalizie kilima kile kwa miguu.

"Shemeji, mtu akishanikatalia, nimwendee kwa nguvu?" alisema.

Nilikuwa nimesoma chuo, nilikuwa nafundisha watoto sayansi, lakini usiku ule nilimwona Kalista amesimama kati ya miti ile, amekunja mikono. Nyumbani wakaanza kunong'ona kwamba Msukuma amemtupa mtoto wetu. Mama peke yake hakusema hivyo. Alimwuliza tu kila aliyetoka Mbeya kama gari la Seni limeshapona.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa fundi Bushiri. Bushiri alizaliwa Mbeya, lakini babu zake walikuwa Wazaramo wa pwani, na Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ya kusema msibani maneno ambayo ndugu hathubutu. Bushiri aliitumia ruhusa hiyo tangu Seni anashuka garini. Alimwambia pole, kisha akamwuliza kama amelia vya kutosha au kama Wasukuma hulilia ng'ombe tu. Seni alicheka kidogo. Sikuwa nimemwona akicheka tangu msiba.

Kisha fundi akawa fundi. Aliuliza moshi ulikuwa rangi gani. Ungekuwa wa buluu, alisema, injini inakula oili. Ungekuwa mweupe, angetafuta maji au dizeli isiyoungua. Mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: ama mafuta yamezidi, ama pumzi imepungua. Alifungua nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli, akazipima moja moja. Alibadilisha chujio la dizeli, akatoa upepo kwenye pampu. Alifungua na chujio la hewa, lile kopo lenye oili chini, akalikuta safi.

"Gari la Usangu, chujio safi hivi?" alisema, akaridhika kwamba upande wa hewa hauna neno.

Akalijaribu gari kwenye mlima wa kuelekea Chunya, mchana wa jua, mizigo nyuma. Lilipanda kama mbuzi. Seni alizipokea funguo zake akiwa amenyong'onyea kuliko alivyokuja, maana sasa fundi mwenyewe alikuwa amethibitisha kwamba ugonjwa haupo kwenye gari.

Bushiri alimtazama, akasema hawezi kutibu moshi ambao hajauona. Akataka apelekwe palepale. Akasema pia, bila kupunguza sauti, mbele ya watu wa gereji:

"Mtani, mwanamke huyo alikuvumilia akiwa hai. Sasa amepumzika, aache mapumziko yake aje akushikie tairi? Una thamani gani?"

Tulikwenda Julai, sisi watatu kwenye kiti cha mbele. Bushiri alisimulia mambo ya ovyo njia nzima, na tulipoingia kwenye ukungu akainama kuisikiliza injini. Nilikuwa nimekaa kati, bega la Seni likigusa langu. Kisha gari likaanza kutetemeka. Sauti ya injini ilizama, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nilitazama nyuma, moshi mweusi ulikuwa umeshalala juu ya barabara. Seni alinyoosha mkono kuzima.

"Usizime," alisema Bushiri.

Aliteremka, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akafungua boneti injini ikiwa inanguruma. Akamwambia Seni akanyage mafuta. Injini ilikohoa, moshi ukazidi. Akaushika mpira unaoleta hewa kwenye chujio, akauchomoa. Papo hapo injini ikavuta pumzi, ikalia kwa nguvu, na moshi ukakatika. Akaurudisha, moshi ukarudi. Akauchomoa tena. Alifanya hivyo kama mtu anayemwuliza mgonjwa ni hapa, au hapa. Kisha akalala chini kwenye tope, akaingiza mkono ndani ya madigadi, bati la juu ya tairi, kule bomba la hewa linakoishia, akavuta.

Kilichotoka kilikuwa mfuko mdogo wa kitambaa, umeshonwa mara mbili, una mpira mdomoni wa kubana bomba. Ulikuwa mzito kwa tope jekundu. Vumbi la miezi mingi lilikuwa limejaa humo. Likiwa kavu lilipitisha hewa ya kutosha, lakini ukungu ulipolilowesha likawa udongo wa kufinyangia. Ndiyo maana Mbeya kwenye jua gari lilipanda.

Bushiri alimwuliza nani alishona. Seni alisema ni Kalista, miaka mingi nyuma, alipomsikia akilalamika kwamba vumbi linakula injini. Seni mwenyewe alikuwa amesahau kwamba upo.

"Na nani alikuwa anaufua?"

Nilimwona Seni anatafuta kichwani mwake. Mwishowe alisema kwamba kila Jumapili Kalista alikuwa akifua, na kwenye kamba, pamoja na nguo, palikuwa na kitu kidogo cheusi ambacho hakuwahi kuuliza ni cha nini.

Nilitegemea Bushiri aseme neno la utani. Alipangusa mikono kwenye nyasi.

"Basi mtani, hakuna aliyekuzuia hapa," alisema taratibu. "Hayupo tu."

Seni aliegemea gari. Nilidhani atafarijika, hata mimi nilikuwa nimeshaanza kufarijika, na nikaona aibu nilipouona uso wake.

"Nilikuwa najua amekasirika," aliniambia. "Nilikuwa nasema naye, shemeji. Njia nzima. Nilikuwa namwomba."

Tulipanda kilima bila shida yoyote. Mama alikuwa mlangoni kwa sababu alitambua mlio wa gari. Seni alianza kumweleza habari za kitambaa na vumbi, kisha akapiga magoti. Mama hakuelewa mambo ya bomba la hewa, wala hakutaka kuelezwa. Alimshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limeshaota majani. Seni aliyang'oa kidogo upande wa kichwani, akapata udongo mbichi, akautupa. Jioni ile mkeka ulikunjwa, na mama akalala kitandani.

Seni hakuoa tena, ingawa ndugu zake walimtafutia. Anaendelea na kazi yake, na kila mwaka humpelekea mama mchele. Nimepanda naye mara kadhaa. Injini haina tatizo, Bushiri aliifanya vizuri. Lakini tukifika kwenye kilima kile, ukungu ukiwepo, Seni huondoa mguu kwenye mafuta mpaka gari likaribie kusimama, akatazama kwenye kioo, nyuma, barabarani pale moshi ulipokuwa ukilala. Abiria wasiomjua huuliza gari lina nini.

"Gari zima," huwajibu, kisha akakanyaga mafuta, likapanda.