Roketi ya Mlangoni

Jumamosi nilikuwa kwenye duka kubwa la njia ya Bagamoyo, lile lililoning'iniza mlangoni roketi ya karatasi yenye maandishi: "Wanasayansi wa kesho wanaanzia hapa." Kwenye kaunta, mbele yangu, msichana wa sekondari kutoka Kerege alikumbatia roketi aliyoiunda kwa bomba la karatasi ngumu la kuviringishia vitambaa, na parachuti ya kipande cha kanga.

"Shikamoo kaka. Naomba injini ya roketi kama hii. Maonyesho ya shule ni keshokutwa."

Muuzaji akamletea roketi ya plastiki. "Hii ina taa, mdogo wangu, na inaimba."

"Inaruka?"

"Hairuki. Inaimba."

"Na injini?"

"Hatuleti, ni hatari kwa watoto. Chukua fataki basi, za harusi tunazo kibao."

"Fataki inapanda inapasuka, kaka. Yangu nataka ipande, irudi."

Muuzaji akacheka, akamwita mteja mwingine. Keshokutwa binti ataonyesha bomba.

Nilimfuata meneja, damu inanichemka: lete injini, ama shusha ile roketi ya mlangoni!

"Ile haiuzwi, dada," akatabasamu. "Ni pambo tu."

Angalau yeye amesema ukweli.