Noti Zilizopigwa Pasi

Mama Pasi anajulikana mtaa mzima kwa mambo mawili: suruali anazozinyoosha mpaka mwenyewe unaogopa kukaa, na mdomo. Chumba chake cha mbele kina meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, na kopo la vitu vilivyosahauliwa mifukoni. Humo mna funguo, vifungo, hata jino la bandia, mwenyewe anaona haya kulifuata. Kwa Mama Pasi nguo haigusi maji kabla mfuko haujageuzwa nje. Hiyo ni amri, hata mumewe aliijua, Mungu amrehemu.

Sasa siku ile, katika siku zote, akasahau.

Nguo zilikuwa za Bi Mgeni, mtalii aliyepanga chumba kwenye nyumba ya wageni ya jirani. Huyu mama wa watu alikuja kuchukua blauzi zake tu, akamkuta Mama Pasi kaungua mkono kwa maji ya moto na mashuka ya wateja yamejaa beseni. Hakuuliza. Alikunja mikono ya shati akaanza kukamua. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, mpaka viza ikaisha yeye yuko kwenye povu. Akiambiwa aondoke, anajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba faini atalipa, ila mkono hauna spea. Ujira akakataa katakata, hata soda. Eti mtalii haruhusiwi kulipwa, asije akamponza shoga yake.

Basi mkono ulipopona, Mama Pasi akaapa nguo za safari za Bi Mgeni atazifua mwenyewe. Akazifua huku anaimba, tena kwa sauti ile ambayo majirani wameshaiombea dua. Katika shangwe hiyo mfuko wa jaketi haukugeuzwa, na ndani yake zilikuwemo pesa za faini: noti za kigeni, mpya, za kutoka benki. Dirisha la faini pale uwanja wa ndege halitaki noti yenye mikunjo, na bila risiti ya dirisha lile hupandi ndege. Na safari ilikuwa jioni ile ile.

Zilitoka zimejikunyata kama vifaranga vilivyonyeshewa.

"Shoga," Mama Pasi alisema, "nimekufulia na ruhusa ya kutoka."

Bi Mgeni alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mama Pasi wala hakutabasamu. Alitandika kitambaa cha pamba, akanyunyiza wanga kidogo, akazinyoosha moja moja kama kola za bwana harusi. Kwenye ya mwisho machozi yalimziba macho, ikaungua pembeni.

Uwanjani wakaenda wote wawili. Karani wa dirishani aliinua noti kwenye mwanga, akainusa.

"Mama, hizi zinanukia wanga."

"Na shati lako lingenukia hivyo, mwanangu, ungekuwa umeshaoa."

Karani akajishika kola kwanza, ndipo akazipitisha kwenye mashine. Zote zikakubali, isipokuwa ile iliyoungua. Hiyo alimrudishia Bi Mgeni, akasema pengo linaweza kuzibwa kwa pesa za hapa. Bi Mgeni alipapasa mkoba. Za hapa alikuwa ameshazimaliza. Alipogeuka, Mama Pasi alikuwa ameshafungua fundo la leso yake.

"Hapana, shoga. Nilisema usinilipe."

"Nani anakulipa wewe? Namlipa huyu asiyepiga pasi."

Bi Mgeni akasogea kando, akampisha. Muda wote Mama Pasi alikuwa anatafuta mlango wa kumshukuru, na kila alipobisha anafungiwa. Kumbe mlango ulikuwa huu, dirishani, na ulifunguliwa na uzembe wake mwenyewe. Akapokea risiti kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa, akamkabidhi Bi Mgeni. Wakakumbatiana mpaka karani akakohoa.

Asubuhi yake, gauni alilovaa uwanjani lilipofika zamu ya kufuliwa, Mama Pasi aligeuza mfuko. Safari hii hakusahau. Ikadondoka noti iliyoungua pembeni.

Leo imo koponi, pamoja na funguo na lile jino. Ukimshauri akaibadilishe benki, anakuambia kitu cha mteja hakiuzwi, mwenyewe atakuja kukifuata. Huyu si kama yule wa jino. Huyu hana haya.