Ng'ombe wa Tano Mmemficha Wapi?

Lori la machinjioni lilisimama mbele ya jengo jeupe, na Mama Shahamu akashuka kinyumenyume, aproni kwapani. Miaka thelathini alikuwa akichuna mafuta kwenye nyama ya ng'ombe, lakini maabara hakuwahi kuikanyaga. Alivyoona sakafu inavyong'aa, akavua buti zake za mpira mlangoni kama mtu anayeingia sebuleni kwa wakwe.

"Shangazi, ingia nazo tu!" Binti wa kaka yake alimpokea, macho yamemvimba.

"Umelia, mwanangu? Kwa mafuta ya ng'ombe?"

Alikuwa amelia kweli. Miaka miwili alikuwa akifuatilia ng'ombe watano: wa kwanza alikula nyasi tupu, wengine wakaongezwa mahindi kwa vipindi tofauti, na wa mwisho akayala miezi minane. Walipochinjwa, kipande cha mafuta ya mgongo cha kila mmoja kilitiwa kwenye mfuko wenye namba. Jana binti akaipangusa mifuko kwa spiriti, kama hapo kinavyopanguswa kila kitu kabla ya kuwekwa mezani, na namba zote zikaondoka na kitambaa. Vipande visipotambuliwa kabla ya saa sita vingetupwa, na utafiti wake navyo.

"Yaani mnaandika kwa wino unaoogopa spiriti?" Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. "Muhuri wetu sisi hata mchuzi hauufuti! Haya, nileteeni maji ya moto."

Akaloweka vidole. "Kidole baridi ni mwongo," alieleza.

Mkuu wa maabara, mzee mwenye miwani, alileta visahani vitano vya mafuta hayo alivyoviandaa mwenyewe. Mama Shahamu akachukua chembe ya kila kimoja, akaisugua kwa kidole gumba huku akihesabu kimoyomoyo. Yaliyogoma kama mshumaa aliyapeleka kushoto, yaliyoyeyuka upesi kulia.

"Huyu wa nyasi. Mkaidi. Huyu kanona kwa mahindi, ni laini kama mafuta ya kupaka."

"Mahindi huongeza asidi ya mafuta inayoyeyuka upesi," mkuu alikubali, "na seli za mafuta hutanuka. Lakini kulijua hilo kwa vidole, mama..."

Mama Shahamu alirudia kisahani cha tatu, akarudia cha nne, akakunja uso. Binti akasogea karibu.

"Baba," Mama Shahamu alisema taratibu, "hivi viwili ni mgongo mmoja. Hapa wako wanne. Ng'ombe wa tano mmemficha wapi?"

Mzee alicheka mpaka miwani ikamshuka puani, akafungua friji na kutoa kisahani alichokificha. Mama Shahamu akaondoa kimoja cha vile viwili, akasugua hicho kipya, akakiweka katikati.

"Nimeshindwa," alisema mzee. "Ila darubini ndiyo itakayotoa hukumu."

Honi ikalia nje. Shangazi alikuwa tayari mlangoni, buti moja mguuni.

"Hungoji jibu?" binti alimuuliza.

"Jibu nimelipanga mezani. Nyama zangu ndizo zisizongoja. Baki salama, mwanangu, na unawe uso!"

Binti alikata vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu, akaviangalia kwa zamu kuanzia kushoto. Seli za kwanza zilikuwa ndogo, zimebanana kama punje za mtama. Za pili zilizidi kidogo. Za tatu zikazidi hizo, na za nne zikazidi tena. Za mwisho zilitanuka kama mapovu ya sabuni. Akapiga kigelegele hapo hapo alipokaa.

Nje lori lilikuwa linageuza. Mkuu alikuwa nyuma ya binti, akimsukuma kwa kiwiko.

"Sogea basi, nipishe na mimi nione!"