Babu wa Bwana Harusi Hakuwahi Kupanda Ndege ya Mabomu

Kosa ni langu, wala simtafuti wa kugawana naye. Nimeharibu harusi ya rafiki yangu kwa sababu ya ndege ya mabomu ambayo sijawahi kuiona ila kwenye simu.

Mimi ni mwendesha mashine ya kukoboa mpunga hapa Bugarama. Mashine ikishashika kasi, kazi ni kuisikiliza tu, basi mimi husoma habari za ndege za vita. Wengine wana mpira, mimi nina ndege. Mke wangu alishakata tamaa.

Rafiki yangu, nimwite Fidèle, akapata mchumba huko Gitambi. Akaniomba niwe msemaji wao siku ya kuposa. Mnaijua kazi hiyo. Wazee wa binti wanakaa upande mmoja wa hema, sisi upande wa pili, na wasemaji wanashindana kwa maneno mbele ya wageni. Wa kwao anazua lawama: mara ng'ombe wenu walikula mtama wetu, mara babu yenu alituvunjia mtungi. Wa kwetu anakubali yote, anaomba radhi, anapiga chuku, watu wanacheka, mwisho binti anatolewa. Hakuna anayekula kiapo pale.

Niliposimama kuusifu ukoo wa Fidèle, nikaona sina cha kusema. Ni watu wazuri wa Mururu, wanalima mihogo, basi. Ulimi ukaniponyoka. Nikasema babu yake alikuwa mtupa mabomu katika vita kuu ya pili!

Nikawapa historia nzima. Kwamba ndege aliyopanda, nyepesi, ilizaliwa kwa ajili ya kubeba barua na matajiri. Vita vilipokaribia wakang'oa viti vyake, wakaipasua tumbo ili ibebe mabomu, puani wakaitia vioo. Ndani watu watatu: rubani, mpiga bunduki, na yule anayelala kifudifudi kwenye vioo kulenga shabaha. Huyo wa kulala, nikasema, ndiye babu yetu! Mwanzoni ilisifiwa kwa mbio, lakini vitani zikatokea nyingine za mbio zaidi, zikawa zinaiangusha mchana kweupe. Ndiyo maana baadhi ya hizo nyepesi zikaletwa Afrika, hadi Abisinia, ambako anga ilikuwa na nafasi. Habari za ndege nilizitoa kama nilivyozisoma. Uongo ulikuwa babu tu.

Watu wakapiga makofi. Baba yake Fidèle, anayejua fika kwamba marehemu baba yake alifyatua matofali maisha yake yote, alijiweka sawa kitini kama mtu aliyekumbushwa jambo.

Ndipo babu wa binti akaomba kusema. Mzee wa zaidi ya miaka themanini, kofia mkononi. Akasema baba yake alichukuliwa kutoka Bushi, upande wa Bukavu, kubeba mizigo ya askari hadi Abisinia, yeye akiwa bado tumboni mwa mama yake, na hakurudi tena. Wenzake waliorudi walisimulia kwamba wapagazi waliangushiwa mabomu na ndege ya upande wao wenyewe, kwa makosa.

Jamani, nilidhani ni mchezo! Nilidhani ni lawama ya kuposa, tena nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Nikainama, nikajibu kwa mbwembwe kwamba ni kweli, ni babu yetu huyo huyo, jua lilimpiga machoni, na ng'ombe tuliyemleta ni wa kuomba radhi.

Hema zima lilicheka. Mzee hakucheka.

"Kama muntu yenu aliona toka juu," alisema, "uniambie ni fasi gani baba yangu alianguka. Nikisha jua, mutoto nitabapatia."

Fanta zilikuwa zimeshafunguliwa. Fidèle ananitazama, binti anachungulia mlangoni. Nikasema: kati ya vilima viwili, mto unapopinda, penye mti mmoja mkubwa. Nilikuwa nauelezea mto Ruhwa, huu tunaovukia kwenda Burundi! Mzee akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Binti akatolewa.

Harusi ya kanisani ikapangwa baada ya miezi miwili, na hapo katikati mambo yakakua. Gitambi wakaweka matanga ya siku tatu kwa mtu aliyekufa zaidi ya miaka themanini iliyopita. Baba yake Fidèle akaenda na ujumbe kuomba msamaha wa bomu, akahutubia nusu saa, akalia. Akatundika picha ya ndege sebuleni. Nilipomnong'oneza kwamba hadithi ile niliitunga mimi, akaniambia nisimvunjie baba yake heshima.

Halafu Mzee akanijia mashineni. Alikuwa na pasipoti mpya na daftari la shule, anataka nimchoree ramani. Alishaulizia mabasi ya Kampala, kisha Nairobi, kisha huko. Na anatembea kwa fimbo! Nikazima mashine. Nikamweleza yote, machozi yakinitoka: hakuna mtupa mabomu, hakuna vilima, nilikuwa nacheza.

Alikaa juu ya gunia la pumba, akalifunga daftari. Nilitamani anipige.

"Mimi sikukuwaka na baba," alisema. "Ukanipatia baba. Sasa unakuya kumukamata tena, unaenda naye."

Akainuka. Pale mlangoni akaongeza: "Uambie bale ba Mururu, kama babu yao hakukuwako kule, na mukwe hayuko."

Padri alimsihi, hakusikia. Kwake binti alitolewa kwa neno, na neno lenyewe halipo. Binti alilia, akatii, sasa yuko kwa shangazi yake Bukavu anauza vitenge. Fidèle hanisemeshi. Baba yake ndiye anayenichukia kuliko wote, anasema nimemuulia shujaa.

Ndugu msomaji, ukipewa usemaji kwenye posa, sifu ulichokiona kwa macho yako, kisha ukae. Na akisimama mtu wa upande wa pili kutoa lawama, mtazame usoni kabla hujamjibu. Mimi sikumtazama yule Mzee. Nilikuwa nawatazama wageni, nione kama wanacheka.