Injini ya Jua na Wageni wa Koito

Kipkemoi alipostaafu kazi ya boila katika kiwanda cha chai, watu wa Boito walidhani angefanya kama wenzake waliomtangulia: afuge ng'ombe wawili wa gredi, achume majani chai yake, na jioni akae kibarazani kulaumu serikali. Yeye akakata shauri kutengeneza umeme.

Si kwamba umeme ulikuwa mbali. Nyaya zilipita juu ya shamba lake kabisa kuelekea kiwandani, zikivuma mchana kutwa juu ya migongo ya ng'ombe wake bila kumpa hata cheche. Nguzo mbili zilisimama katikati ya majani chai yake. Alipoenda ofisini kuuliza habari za kuunganishiwa, aliambiwa ajaze fomu. Akajaza. Akaambiwa angoje. Akangoja mpaka yule karani aliyeipokea fomu akaota mvi, akastaafu, akaja mwingine ambaye alimwambia kuna fomu mpya.

Wazo la injini alilitoa katika gazeti la mafundi, kuukuu, lililoachwa na mhandisi mmoja Mzungu alipohamishwa. Humo mlikuwa na mchoro wa injini isiyotumia petroli wala dizeli. Hewa inafungiwa ndani ya silinda. Upande mmoja unapashwa moto, upande wa pili unapozwa kwa maji. Hewa inatanuka, inasinyaa, na pistoni inakwenda na kurudi. Moto wa namna yoyote utafaa, gazeti lilisema, na ulio bora ni wa jua, kwa kuwa ni wa bure. Lakini kilichomteka Kipkemoi hasa ni maandishi madogo chini ya mchoro, kwamba aliyeibuni, bwana mmoja Stirling wa Uskoti, alikuwa mchungaji wa kanisa.

"Mchungaji!" alimwambia mkewe Rebeccah. "Mtu wa Mungu kabisa. Anahubiri Jumapili, Jumatatu anatengeneza injini."

"Wetu anatengeneza harambee tu," Rebeccah alijibu, akaendelea kusugua kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando.

Alimuuliza pia, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kuuliza, kwa nini asitumie kuni, maana moto wa jikoni haukuwa umezimika tangu waoane. Kipkemoi aliudhika. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameilisha boila ya kiwanda magogo ya blugamu, asubuhi na jioni, mpaka nyusi zikasahau kuota. Hakutaka tena kuona ukuni ukiingia mahali popote. Yeye na moto walikuwa wameachana, alisema, na safari hii angelishwa yeye, na jua.

Aliyemsaidia ni Lazarus, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka upande wa ziwa, aliyeishi katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda na kupenda kazi yoyote isiyokuwa ya bosi wake. Silinda waliipata kwenye pampu ya maji iliyokufa. Gurudumu lilitoka kwenye cherehani ya shangazi, dainamo kwenye baiskeli. Kioo cha kutosha dishi zima la kukusanya jua hakikupatikana, lakini kiwanda kilikuwa kimeanza kupakia chai katika magunia ya karatasi, na masanduku ya mbao ya zamani yalirundikana nyuma ya stoo, kila moja likiwa limetandazwa karatasi ya fedha kwa ndani. Kipkemoi aliomba ruhusa, akaibandua karatasi hiyo sanduku baada ya sanduku kwa miezi minne, akaigandisha kwenye dishi. Dishi lilipokamilika lilikuwa pana kuliko mlango wa zizi, na jua lilipolipiga, boma zima lilinukia chai iliyochemka.

Siku ya kwanza waliyoijaribu, saa nne asubuhi, gurudumu lilizunguka. Lilizunguka kweli, taratibu, bila kelele, na Kipkemoi akavua kofia.

"Balbu imewaka?" aliuliza.

Lazarus aliikingia balbu kwa viganja vyote viwili, akachungulia ndani. "Ngoja kwanza, mzee. Hii jua inanisumbua... Eh, imewaka! Imewaka kabisa!"

Iliwaka mpaka saa sita, wingu likaja. Saa nane mvua ikanyesha, kama inavyonyesha Boito karibu kila siku ya Mungu. Majirani waliotoka kuchuma majani chai walipita wakiuliza habari za taa ya mchana. Mmoja alitaka kujua kama angetengeneza pia mwavuli wa kiangazi. Haya Kipkemoi aliyavumilia. Alilosikia baadaye, kwamba mzee amepata shida ya kichwa, watu wamhurumie, ndilo lililomchoma. Mtu hawezi kubishana na huruma. Kila akijieleza, wanaitikia kwa upole, na ule upole unazidi kumtia wazimu.

Basi akaweka nia. Binti yake Chepkurui alikuwa ameposwa na mwalimu wa Longisa, na wazee wa upande wa kijana wangekuja kwa koito, mazungumzo ya mahari, Jumamosi moja ya Desemba mwaka wa tisini na sita. Ukoo mzima ungekuwapo, na wageni juu yake. Kipkemoi alivuta waya kutoka kwenye injini hadi sebuleni, ambako madirisha yalikuwa madogo na giza lilikuwa la kudumu, akaning'iniza balbu juu ya meza. Balbu ingewaka mbele ya watu wazima wenye heshima zao, na hakuna mtu wa Boito ambaye angemhurumia tena. Hilo tu ndilo alilotaka duniani. Alimwambia Rebeccah waziwazi, na Rebeccah, aliyekuwa na nyama ya wageni hamsini kichwani mwake, akasema sawa.

Wageni walifika langoni saa mbili na nusu asubuhi. Jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe, dishi linanukia. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa desturi.

Maana kwenye koito, wageni hawafunguliwi lango papo hapo. Wanaachwa wasimame. Watu wa msichana wanajifanya hawajui ni nani hao, wala wanataka nini, na baba wa msichana hukaa ndani kama mtu ambaye hajawahi kusikia kwamba ana binti. Kadiri wageni wanavyosimama, ndivyo msichana anavyopanda heshima. Kazi ya kuwachelewesha alikuwa amepewa Kipkirui, kaka mkubwa wa Kipkemoi, na hakuna kazi aliyoifanya vizuri kuliko hiyo maishani mwake.

Ilipofika saa tatu na nusu Kipkemoi alitoka nyuma ya nyumba kutazama msitu, upande mawingu yanakotokea. Wingu la kwanza lilikuwa limechungulia.

"Tuwafungulie sasa," alimwambia kaka yake.

"Wewe!" Kipkirui alinong'ona. "Unataka waseme tunamtupa mtoto? Hata hawajaanza kuegemea ua."

Saa nne mawingu yalikuwa matatu. Kipkemoi alikwenda chooni, akarudi, akaketi, akainuka, akahesabu mawingu upya. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna baba wa Kipsigis aliyewahi kulifanya katika kumbukumbu ya Boito: alikwenda langoni mwenyewe, karibu mbio, akalifungua wazi.

"Karibuni! Ingieni, ingieni upesi!"

Wageni hawakuingia. Walimtazama. Msemaji wao, mzee Chepyegon, mjomba wa kijana, aliwageukia wenzake, na wanawake wawili waliokuja nao wakautazama mlango wa chumba alimokuwa Chepkurui, kisha wakatazamana. Waliingia polepole, wakaketi sebuleni katika giza, na Chepyegon akaanza kusema kabla hata ya chai.

"Mzee, sisi tumezoea kungojeshwa. Huko kwetu, mlango ukifunguliwa haraka namna hii, tunauliza kama kuna kitu inaendelea kukua ndani ya hiyo nyumba."

Kipkirui alifumba macho. Chupa ya chai ilitaka kumponyoka Rebeccah mkononi. Nyuma ya pazia Chepkurui, msichana ambaye hakuwahi kukosa kwaya ya kanisa, aliangua kilio.

"Sivyo!" Kipkemoi alisema. "Ni jua! Nilikuwa nakimbiza jua!"

"Jua," Chepyegon alirudia, kwa upole. Kipkemoi aliujua upole huo.

Alieleza. Alieleza silinda, hewa, maji baridi na mchungaji wa Uskoti, na kadiri alivyoeleza, ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana. Nani angeamini kwamba mzazi mwenye akili zake amevunja desturi ya ukoo kwa sababu ya balbu ya baiskeli? Maelezo waliyokuwa nayo wale wanawake wawili, kwamba msichana ana mimba, yalikuwa mafupi zaidi na yaliingia akilini.

"Basi tuone hiyo taa," Chepyegon alisema mwishowe.

Wakatoka nje wote. Kipkemoi alilisukuma gurudumu. Likazunguka mara tatu, mara nne. Wakati huohuo wingu likatanda juu ya boma, zito, halina haraka yoyote, na gurudumu likasimama. Alilisukuma tena. Likasimama tena. Aibu ilimpanda Kipkemoi kutoka miguuni, na haikuwa ile aibu ya kuchekwa aliyoizoea. Binti yake alikuwa akilia ndani ya nyumba kwa sababu yake, na tone la kwanza la mvua lilikuwa limempiga puani.

Rebeccah alienda jikoni, akarudi na beleshi limejaa makaa mekundu kutoka chini ya sufuria ya nyama, akayamwaga kwenye karai na kulisukuma chini ya silinda. Akaenda, akarudi na la pili.

"Baba Chepkurui," alisema, akijipangusa jasho, "zungusha."

Kipkemoi aliyatazama yale makaa. Hakukuwa na kitu kingine duniani ambacho angependa kukisukuma kando kwa teke kama yale makaa. Akangoja silinda ishike moto, akazungusha. Injini haikuuliza joto limetoka wapi. Ilishika mwendo, ikaongeza, ikaenda kasi kuliko ilivyowahi kwenda na jua, mpaka Lazarus, aliyekuwa ameyakingia makaa mvua kwa bati, akapiga mluzi, na kutoka ndani ya nyumba watoto wakapiga kelele kwamba taa, taa, taa imewaka.

Na ilikuwa imewaka. Siku ile, kwa kuwa nje kulikuwa na mvua na ndani kulikuwa na giza, iliwaka kweli, ikamulika meza, vitambaa vya kushona kwa mkono na kalenda za miaka mitano iliyopita. Wale wanawake wawili waliitazama, wakatazamana, wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akaingia chumbani kumbembeleza Chepkurui. Kipkemoi alisimama mlangoni akiwa amelowa, na moyo wake ulikuwa umejaa hata akashindwa kuketi.

Chepyegon aliitazama balbu kwa muda mrefu.

"Kongoi, asante mzee. Tumeona. Ile haraka ilikuwa ya hii taa, haikuwa ya msichana. Hiyo imeisha." Akakohoa, maana alikuwa mtu mwangalifu, na alikuwa ametumwa kuuchunguza ukoo. "Lakini koito ni koito, lazima tuulize. Mtu ana nguzo za stima ndani ya shamba yake. Anachukua mwaka mzima kutengeneza taa ya jua, mahali mvua inanyesha kila siku. Halafu anaiwasha na makaa, saa nne asubuhi. Hii kitu, mzee... iko kwa ukoo?"

Kipkirui alifungua mdomo kutetea jina la baba yao, lakini Kipkemoi alimwinulia mkono. Maneno ya kujitetea yalikuwa yamejipanga ulimini mwake, ameyafanyia mazoezi mwaka mzima, na kwa mara ya kwanza ushahidi ulikuwa unang'aa juu ya kichwa chake. Upande wa pili wa pazia, binti yake alikuwa ameacha kulia ili asikie jibu.

"Hapana," alisema. "Ukoo wetu wako sawa, wote. Shida ya kichwa ni yangu peke yangu. Ilianza tu baada ya kustaafu."

Wageni walishusha pumzi, wakaitikia kwa upole. Chepyegon aliomba chai, na wazee wakasogeza viti karibu na balbu ili waonane vizuri wakati wa kutaja ng'ombe.